Shilingi ya Shingoni mwa Paker

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Kitengela.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Umoja wa Sarafu Zilizochoka, Daktari Mugure, ambaye hayupo, na Mungu apishe mbali asije akayasoma haya, waheshimiwa wanachama, ambao pia hawapo, mke wangu mpendwa Nalotuesha, uliye jikoni na mlango umefungwa, paka, na wewe Shajara, wa mwisho kwa cheo lakini wa kwanza kwa usiri: itifaki imezingatiwa. Hamjambo.

Mtu aliyefundisha Kiswahili hadi kustaafu, na ambaye sasa husherehesha harusi za watu kuanzia hapa hadi Isinya, hana budi kuufanyia ulimi wake mazoezi hata akiwa peke yake chumbani. Ndiyo maana naandika kama anayehutubia.

Jana ulimi huo uliniponza. Leo naogopa. Naogopa kuanzia kisigino!

Kwa faida ya wageni, ikiwa wapo: wako watu duniani wanaokusanya sarafu zinazong'aa, wakizifungia kwenye vioo kama maiti za wafalme. Sisi wa Kitengela tunakusanya zilizokwisha. Sarafu iliyosagika kuliko zote ndiyo bingwa. Masharti ni machache: mwaka wake usomeke, isiwe imetobolewa, na kusagika kwake kutokane na mikono ya watu katika maisha ya kawaida, siyo msasa wala tindikali. Kuna mwanachama aliyeshikwa na msasa mwaka juzi. Hadi leo hasalimiwi buchani.

Bingwa ndiye hutoa hotuba ya ufunguzi kwenye mkutano mkuu. Nimeitoa mimi tangu tulipouanzisha umoja huu. Hotuba ile ndiyo pumzi yangu ya mwaka. Harusini hunikatiza, wanataka keki. Mkutanoni hunisikiliza.

Sasa jana, katika kile chumba chetu nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Zakariye muuza vitambaa alifungua kipande cha hariri, akatoa shilingi ya 1968. Lo! Kichwa cha rais wa kwanza kimebaki kivuli, kama mtu aliyepotelea katika vumbi la lori la saruji. Masikio hakuna. Pua ni kumbukumbu tu. Na mwaka unasomeka wote! Makofi. Nami nilipiga, polepole, juu ya goti.

Zakariye atoe hotuba ya ufunguzi? Zakariye, anayehutubia kwa kusoma simu?

Nikasimama. Sikukusudia, miguu ilisimama yenyewe. Nikatangaza kwamba ninayo shilingi ya 1971 iliyolainika kuliko hiyo, na kwamba nitaiweka mezani Jumamosi, kwenye mkutano mkuu, Kajiado. Zakariye akaniambia, kwa upole wa kuudhi, "Mwalimu Kitheka, wallahi ilete. Tuone kama ni sarafu ama ni kifungo ya koti." Kicheko. Daktari Mugure, ambaye ni daktari wa meno na hutazama kila mtu mdomoni kabla ya macho, akanikumbusha katiba: anayetangaza sarafu asiyoweza kuitoa hufutwa uanachama, milele.

Kifungu hicho nilikiandika mimi. Kwa ufasaha mkubwa.

Je, shilingi ya 1971 ipo? Ipo. Niliiona siku ya harusi yangu. Iko shingoni mwa mama mkwe.

Jumanne, 5 Agosti. Kitengela.

Sikulala. Niliota Daktari Mugure aking'oa jina langu kwenye sajili kwa koleo.

Asubuhi nikaamua kwamba mama mkwe ni hatari mno, na kwamba heri nijitengenezee shilingi yangu. Msasa? Hapana, mimi ni mtu wa maadili. Lakini nikajiuliza swali la kisomi: gurudumu la bodaboda je, si sehemu ya maisha ya kawaida ya wananchi? Nikajibu: ni sehemu. Nikachukua soksi, nikatia mchanga wa mto na shilingi zangu za akiba, nikaifunga kwenye spoku za gurudumu la nyuma la Nick, kijana wa bodaboda wa stendi yetu. Nikamwambia ni utafiti. Kuhusu sheria ya nchi inasema nini juu ya kuchakaza sarafu, sijaisoma, na naogopa kuisoma.

Nick alirudi saa sita. Soksi ilikuwa imepasuka karibu na Noonkopir, mbele ya bucha, mchanga na shilingi vikamwagika nyuma ya pikipiki kama sadaka. Abiria alikuwa mama wa kanisa. Alishuka kabla pikipiki haijasimama. Nick alisema, bila kunitazama, "Mwalimu, huyo mama amesema nimebebeshwa kitu. Stage yote inauliza ni nani amenibebesha. Sijakutaja. Lakini niko na mdomo."

Nimempa koti langu la mvua. Mdomo umefungwa, kwa sasa.

Shilingi zote zimepotea. Ninaogopa kupita Noonkopir. Ninaogopa kanisa. Zimebaki njia chache, na zote zinaelekea Kajiado, kwa mama mkwe.

Jumatano, 6 Agosti. Kitengela.

Naomba kikao kielewe ugumu wa jambo.

Kwa Wamaasai, kati ya mkwe na mama mkwe kuna heshima pana kuliko uwanja wa ndege. Siketi naye benchi moja. Sili mbele yake. Simpi mkono. Akiwa ndani, mimi huzungumza nje, nikitazama ng'ombe. Siku ya harusi nilimpelekea kondoo, kama ilivyo desturi, na tangu siku hiyo hatutajani majina: yeye huniita Paker, nami humwita Paker, maana yake tumeunganishwa na kondoo. Mimi mwenyewe ni Mkamba, na kwetu pia mama mkwe haguswi. Kwa hiyo nimezingirwa na heshima pande zote mbili.

Na shilingi ile iko shingoni mwake! Imeshikwa katikati ya shanga, ndani ya kijimfuko cha ngozi kilicho wazi mbele. Niliiona mara moja tu, siku ya harusi, alipoinama kupokea kamba ya kondoo. Kidole gumba chake kilikuwa kikiisugua. Nilisahau nilipokuwa. Hata madhabahuni nilikuwa bado naitafuta kwa macho; mchungaji aliniuliza mara mbili kama ninakubali kumwoa Nalotuesha.

Je, imetobolewa? Sijui. Je, mwaka unasomeka? Niliona saba, nadhani. Huenda ilikuwa shanga.

Nimempigia simu Leshan, shemeji yangu, anayefanya kazi soko la mifugo la Kajiado. Nikauliza kwa mzunguko mrefu kama mama huvua mkufu ule. Leshan akacheka. Alisema mathe haivui hata akioga, na kama nawaza wizi nijue mapema kwamba mbwa wa boma hawajui Kiswahili.

Ndipo wazo likanijia. Kondoo! Si ndiye aliyefungua mlango mara ya kwanza? Si ndiye lugha baina yangu na Paker? Nitampelekea kondoo mwingine, mnono kuliko wa kwanza. Moyo wake utalainika. Kisha kwa unyenyekevu nitaomba kuazima shilingi. Sikumwuliza mtu yeyote. Msomi haulizi jambo lililo wazi.

Nimemwambia Nalotuesha kwamba kesho naenda ofisi za kaunti, Kajiado, kuhusu ada ya ploti. Akasema vyema, nimsalimie mama, maana boma liko ng'ambo tu ya mji. Chai ilinipitia puani.

Alhamisi, 7 Agosti. Kajiado, kisha Kitengela.

Kwa hofu, mwandiko huu si wangu.

Nilimnunua kondoo jike, mweupe, mpana kama kochi. Njiani kutoka sokoni, nyuma ya pikapu, alikula ukurasa wa kwanza wa hotuba yangu, itifaki yote. Ningechukua hilo kuwa onyo. Nililichukua kuwa njaa.

Bomani niliwakuta wazee wameketi nje, na mkubwa wao ni Mzee Parmuat, mjomba wa mke wangu, mtu wa maneno machache anayegonga kifuniko cha kichupa chake cha ugoro kwa ukucha kabla ya kusema lolote. Wanawake walikuwa ndani. Nikasalimu kuelekea mlangoni, "Takwenya." Sauti nyingi zikaitika, "Iko!" Nikamkabidhi Mzee Parmuat kamba. Nikasema: huyu ni wa Paker.

Mara vigelegele! Vigelegele vya kweli, vya kutoboa mabati! Nikaletewa kiti chenye mgongo, ambacho sijawahi kupewa katika boma lile. Nikajisemea: Kitheka, umeweza.

Mzee Parmuat aligonga kichupa. Akaniuliza kwa Kiswahili cha polepole kama nimefikiri. Nikamjibu nimefikiri sana, Mzee. Akauliza kama Nalotuesha anajua. Nikasema atajulishwa wakati ufaao. Wazee wakatazamana. Mmoja akapiga mluzi. Mzee Parmuat akasema, "Wewe ni mwanaume," na akasema jibu nitapewa Jumamosi asubuhi, ukoo ukishakaa.

Ukoo? Kwa ajili ya kuazima shilingi? Na shilingi sikuwa hata nimeitaja!

Hapo Leshan akafika, vumbi hadi nyusi, akanivuta nyuma ya zizi. Maneno yake nayanukuu ili historia inihukumu kwa haki: "Mwalimu, uko sawa kweli? Kondoo ya mathe inaletwanga mara moja. Ukileta ingine umeomba msichana mwingine. Na msichana amebaki hapa ni mmoja. Ni Soipan."

Soipan! Dada mdogo wa mke wangu! Mpimaji ardhi, mwanamke anayetembea na nyundo ya vigingi garini!

Leshan akaendelea kueleza utaratibu, kwamba kondoo akishapokelewa huja blanketi la mjomba, na blanketi likishapokelewa siku ya harusi inapangwa, lakini sikumsikiliza vizuri; nilikuwa nikimtazama kondoo akiingizwa ndani. Nikauliza kama naweza kumchukua tena, nikadai nimekosea nyumba. Akaniambia kondoo aliyeingia kwa Paker hatoki. Kumtoa ni kumwambia mama ya watu kwamba hana maana. "Hiyo hata mimi nitakupiga," akasema, kwa upendo.

Nilirudi Kitengela nimekaa dirishani, nikitunga maelezo. Yote yalianza kwa "Mke wangu mpendwa." Hakuna hata moja lililofika sentensi ya pili.

Ijumaa, 8 Agosti. Kitengela.

Anajua.

Amenipa chai. Amenikaribisha kwa jina la "Mheshimiwa." Katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniita Mheshimiwa! Aliketi akanitazama nikinywa, jinsi mtu anavyomtazama mbuzi wa Krismasi.

Saa nne simu ikalia. Soipan. Niliipokea nimesimama.

Aliuliza, kwa furaha, habari za maandalizi. Alisema amesikia ameolewa, lakini katika mkutano ule yeye hakualikwa, kwa hiyo anaomba kumbukumbu za kikao. Akauliza kama nitamjengea nyumba yake au watapokezana na dada, wiki hii mmoja, wiki ijayo mwingine, kama zamu ya maji. Nikajaribu kusema. Akanikata: "Na juzi shemeji ulimwambia dada unakuja ofisi ya kaunti. Mimi niko hiyo ofisi. Sikukuona. Kondoo ndio alipanga laini?"

Nikasema kulikuwa na mkanganyiko wa kiutaratibu.

Akasema mkanganyiko huo utanipata Jumamosi, na kwamba atakuja na nyundo.

Niligeuka. Nalotuesha alikuwa mlangoni. Nikapiga magoti, mazulia yetu ni membamba. Nikamweleza yote: Zakariye, shilingi, soksi, kondoo. Alisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza swali moja tu, kama ni kweli kwamba siku ya harusi yetu, mbele ya madhabahu, nilikuwa nikitazama shingo ya mama yake.

Shajara, kuna maswali ambayo ufasaha hauna msaada nayo.

Akasema kesho tutaenda pamoja. Asubuhi nitasimama mbele ya ukoo nijieleze kwa mdomo wangu, kwa kuwa ninaupenda sana. Mchana nitaenda kwenye mkutano wangu nifukuzwe. Alisema ni vizuri vyote viko Kajiado, hatutachoma mafuta mara mbili.

Nimefunga tai mara kadhaa. Kila mara inafanana na kamba.

Jumamosi, 9 Agosti. Kajiado.

Mambo matatu yametokea, na sijui nianze na lipi. Nitaanza na la hofu kubwa. Hapana, yote ni ya hofu kubwa. Nitafuata ratiba.

Boma lilijaa. Soipan alikuwa ameegemea gari lake, na nyundo ilikuwa juu ya boneti, kama alivyoahidi. Nikasimama nimetazama ng'ombe. Nikatambua waliokuwapo kwa mpangilio: Mzee Parmuat, wazee, akina mama, Paker, aliye ndani, mke wangu, Soipan, ambaye simwombi na sijawahi kumwomba, Leshan, na kondoo. Nikakiri. Nikasema sikuja kuomba binti. Nilikuja kuomba kuazima shilingi iliyo shingoni mwa Paker, kwa sababu imechakaa vizuri kuliko shilingi zote za nchi hii.

Wote wakanikazia macho. Ng'ombe mmoja alikojoa, nikamshukuru.

Kisha wakacheka. Mzee Parmuat alicheka hadi ugoro ukamwagika. Soipan alicheka akaketi chini. Aliyechelewa kucheka ni Nalotuesha, na sina hakika kama kilikuwa kicheko.

Sauti ya Paker ikatoka ndani, na wote wakanyamaza. Soipan alitafsiri. Paker alisema mume wake, siku ya kwanza kuuza ng'ombe akiwa kijana, alirudi kutoka soko hili la Kajiado amemaliza kila kitu kwa marafiki, mfukoni kumebaki shilingi hiyo moja mpya. Akamwekea mkononi akamwambia, shika, huyu ndiye ng'ombe wetu. Tangu hapo kila mume alipochelewa sokoni, Paker aliisugua. Alichelewa mara nyingi. Sasa ni marehemu, na Paker akasema: "Mimi najua amekufa. Kidole hakijui."

Wanawake waliguna. Mimi nilitokwa na machozi, naapa. Kisha, katikati ya machozi, fahamu zikanijia: basi imesagwa kwa kidole! Maisha ya kawaida kabisa! Kanuni imetimizwa!

Paker akasema shilingi haiombwi, na haitoki shingoni. Lakini yeye mwenyewe ana miguu, na kama watu wa mkutano wanataka kuiona, itaenda ikiwa imevaliwa. Na kondoo? Mzee Parmuat akagonga kichupa, akaamua: kondoo apelekwe kwenye mkutano huo huo, aliwe na wageni. Kondoo aliyeliwa na wageni haombi msichana.

Ndivyo msafara ulivyoingia mjini.

Sasa jambo la pili. Mkutano ulikuwa katika ukumbi wa kanisa. Paker aliingia, akapewa kiti cha mbele. Naye akishakaa ndani, mimi nakaa wapi? Nje! Mwanzilishi wa Umoja, mwandishi wa katiba, nimesimama kwenye maua chini ya dirisha, mgongo ukutani, nikisikiliza hatima yangu! Leshan alikaa dirishani kunisimulia kama mtangazaji wa mpira. "Daktari ametoa kakioo ka meno. Ameinama. Anauliza mama kama anaweza sogea. Mama amekubali... Anaangalia nyuma. Haina tundu, Mwalimu! Haina tundu!"

Nikapiga ngumi hewani kwa furaha. Kisha: "Kichwa hakuna. Imeisha kabisa. Ni kama sahani. Zakariye amekuja kuangalia. Zakariye ameshika mdomo."

Na mwaka? "Mwaka hauonekani, Mwalimu."

Shajara, niliona giza mchana. Nilianza kukariri hotuba ya kuaga.

"Ngoja. Daktari ameuliza kama anaweza sukuma ngozi kidogo."

Kijimfuko! Ukingo wa ngozi ulikuwa umefunika mahali pa mwaka tangu siku kilipotiwa shilingi ile. Kidole hakikuwahi kufika pale. Nikamsikia Daktari Mugure akisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kama anayehesabu magego: moja, tisa, saba, moja. Ukumbi ukalipuka. Nami nikaruka, nikakanyaga maua ya kanisa.

Jambo la tatu. Zakariye akaomba kusema. Alisema kwanza anainama mbele ya sarafu ile, haijaonekana kama hiyo. Pili, anauliza kwa heshima: Mwalimu alisema "ninayo." Anayo wapi? "Sarafu iko na mama. Mwalimu yuko na maua." Kifungu changu kikasomwa. Hoja ya kunifuta ikatolewa. Ikaungwa mkono! Nilitambua sauti ya yule wa msasa.

Ndipo Paker akauliza kunani. Soipan akamweleza kwamba mkwe anafukuzwa. Paker akasema jambo, na Soipan akalitafsiri kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika: "Mama anasema msimfukuze. Mkimfukuza atakuwa anakaa nyumbani, na binti yake ameteseka ya kutosha."

Kicheko. Kura. Nimebaki mwanachama, ila nisitoe hotuba yoyote mbele ya Umoja kwa mwaka mzima. Bingwa ni Paker. Amesajiliwa. Na kwa kuwa bingwa ndiye hufungua mkutano, aliombwa aseme. Alisimama. Alisema asanteni, shilingi ni ya mume wangu, nyama imeiva. Akaketi.

Walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Mimi sijawahi kusimamiwa. Hata kwa kurasa kumi na nne!

Nyama iliiva kweli. Harufu ilipita dirishani. Lakini mkwe hali mbele ya Paker, na Paker alikaa hadi mfupa wa mwisho. Nalotuesha aliniletea maji, nje. Akanitazama nikinywa na akaniondolea kipande cha ua kwenye tai. Hakuniita Mheshimiwa. Aliniita Kitheka. Nilikaribia kulia tena. Akasema kama nitawahi tena kupeleka kitu kwa watu wa kwao bila kumwuliza, ataniachia Soipan na nyundo yake.

Nimeapa. Mkono wa kulia juu, mbele ya ukuta wa kanisa.

Jumapili, 10 Agosti. Kitengela.

Mheshimiwa Bingwa, Paker, ambaye hayupo na kwa desturi hawezi kuwapo nilipo, Mheshimiwa Mwenyekiti, mke wangu, uliyelala baada ya ibada kwa uchovu wa kusamehe, paka, Shajara: nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu. Nimezuiwa kuhutubia Umoja. Nyinyi si Umoja. Katiba naijua.

Juma hili limenifundisha mengi. Limenifundisha heshima. Limenifundisha kwamba chuma huliwa na kidole cha mtu anayengoja, na jambo hilo lingefaa sana kufungulia hotuba, ningekuwa na hotuba.

Nina jambo moja la dharura.

Jana, nilipokuwa mauani na njaa yangu, Mzee Parmuat alitoka nje kuvuta ugoro. Alisimama kando yangu. Akagonga kichupa kwa ukucha, jinsi anavyogonga kabla ya kila neno maisha yake yote. Nikatazama. Kifuniko cha kile kichupa ni sarafu! Senti kumi ya zamani, ile kubwa ya shaba, imekandamizwa kwenye mdomo wa kichupa kwa nta. Haijatobolewa. Kichwa hakuna. Maandishi hakuna. Na ukingoni, chini ya nta, niliona tarakimu. Shajara, nilisahau njaa! Ikiwa mwaka wake unasomeka, itamshinda Paker, na bingwa mpya akiwa mimi, nani atanizuia kufungua mkutano wa mwakani? Marufuku itakuwa imekwisha wiki hiyohiyo.

Ninaogopa? Ninaogopa sana. Naisikia nyundo ya Soipan hata paka akipiga chafya. Lakini hofu ya Zakariye akisoma simu mbele ya watu ni kubwa zaidi.

Nimetafakari kisomi. Kosa la juma lililopita lilikuwa kondoo. Kwa hiyo sitapeleka kondoo. Nimejiuliza mzee wa makamo yake, mwenye boma lenye baridi ya alfajiri, angefurahia nini, na jibu ni wazi: blanketi. Leshan mwenyewe alitaja blanketi la mjomba siku ile nyuma ya zizi, sikumbuki kwa muktadha gani. Kama alilitaja, basi Mzee hulipenda. Kuhusu kiapo cha jana: niliapa nikiwa na njaa, na nilichoapa kilihusu kondoo kimsingi.

Kwa hiyo naweka hoja mbele ya kikao hiki, na naomba itekelezwe bila mjadala. Kwamba kesho, duka likifunguliwa, linunuliwe blanketi jekundu la mistari, zito kuliko yote. Kwamba nilipeleke mwenyewe, nimkabidhi Mzee Parmuat mbele ya wazee, kwa heshima zote, bila kumsumbua mtu kwa maswali. Kwamba paka abaki na Nalotuesha asimwamshe. Kwamba wewe Shajara uingie begini sasa hivi, kabla sijabadili nia.

Wanaounga mkono waseme ndiyo.

Paka amepiga miayo. Hoja imepita.